Ghala la Maneno ya Watu

Iko nchi moja, jina lake sitalitaja, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa bila kuandikiwa barua kwanza. Ukiitafuta kwenye ramani utajichosha bure. Wewe tembea tu, na ukifika mahali ambapo watu wamepanga foleni bila kujua mbele kuna nini, umefika. Ni nchi njema, yenye amani na vumbi, na kwa miaka mingi haikuwa na tatizo lolote isipokuwa yale ambayo kila mtu aliyajua.

Aliishi humo karani mmoja wa Wizara ya Elimu, Mwinjuma Shebe, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa mgongoni. Miaka ishirini na sita kazini hakuwahi kuchelewa, na hakuwahi kuuliza kwa nini. Alichokuwa nacho duniani ni mwandiko mzuri, mke mwenye maneno makali, na binti mmoja, Zawena, aliyekuwa darasa la saba. Zawena alitaka kuwa mpima ardhi. Alikwisha kupima uwanja wa nyumba kwa kamba, na wa jirani pia, jambo lililozua ugomvi wa mpaka ambao haujaisha hadi leo. Mwisho wa mwaka angefanya mtihani wa kuingia sekondari. Mkoa mzima ulikuwa na sekondari moja, na sekondari hiyo ilikuwa na nafasi sitini.

Mwaka huohuo Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Profesa Daktari Chambuso, alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa wasomi. Mezani alikaa kati ya mjumbe Mwarabu na mjumbe Mwingereza. Mama mmoja mwenyeji akamwuliza kwa upole, "Hiki tulichokuja kukizungumza hapa, ninyi kwenu mnakiitaje?"

"Elimu," akajibu Waziri kwa kujivuna.

Mwarabu akatabasamu. "Ahsante sana. Hilo ni letu."

Waziri akakohoa. "Na anayeitoa tunamwita mwalimu, naye hutumia kitabu na kalamu."

Mwarabu akatabasamu mara tatu.

"Basi tuseme profesa!" akafoka Waziri, na safari hii akatabasamu Mwingereza.

Waliokuwapo wanasema hakuna aliyemcheka. Lakini Waziri alirudi kwao akijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na hata kabla mizigo yake haijatoka, alipanda juu ya kiti pale pale uwanja wa ndege.

"Ndugu wananchi! Tunafikiri kwa vitu vya watu! Mtoto wetu anaamka na akili ya Mwarabu, anashika penseli ya Mwingereza, na jioni tunamwuliza amepata nini. Atapata nini naye hana chake? Nasema, kila neno la elimu la kuazima lirudi kwa mwenyewe, nasi tubaki na kilicho chetu!"

Watu walipiga vigelegele, wengine wao wakiwa wamekuja tu kumpokea shangazi.

Sheria ikapitishwa. Ikaundwa kamati ya watu tisa, ikakaa hotelini miezi mitatu kuyachambua maneno moja moja, na kazi waliyoifanya haikuwa ndogo. Neno shule lilipona, kwa sababu lilitoka kwa Wajerumani na sheria ilitaja Waingereza na Waarabu peke yao. Neno kusoma liliwekwa rumande wiki nzima maana asili yake ilikuwa na utata, kisha likaachiwa kwa dhamana. Kuhusu profesa, daktari na digrii, kamati iliona kwamba kumvua mtu mzima cheo mbele ya wajukuu zake ni ukatili, hivyo waliokwisha kuwa nayo waendelee nayo. Mjumbe mmoja, mzee asiyejua kufyata ulimi, akauliza mbona waziri, sheria na amri nayo yametoka kwa Waarabu. Akaelezwa kwamba hayo ni maneno ya kutawala, na kutawala hakuhusiani na elimu. Hoja hiyo ilipita bila kupingwa.

Mbadala ulipatikana kwa maneno manne. Kalamu ikawa kijiti-wino, kitabu kikawa mkunjo, mwalimu akawa mfunzi, mtihani ukawa kipima-kichwa. Hapo muda wa hoteli ukaisha. Maneno mia moja thelathini na tisa yakabaki bila mbadala, na elimu yenyewe ikiwamo, kwa hiyo ikaamriwa kwamba popote yanapotakiwa kuandikwa iachwe nafasi wazi ya sentimita mbili na nusu. Kibao cha Wizara kikapakwa rangi upya, kikasomeka WIZARA YA, kisha ukuta mtupu. Mimi humu nayatumia kwa sababu siishi huko, na nikiulizwa nitasema nimeyaokota njiani.

Kilichofuata kilikuwa kuyarudisha. Maneno yalitiwa katika bahasha, yakapigwa lakiri, nta nyekundu ya kuzibia, yakapelekwa kwenye balozi kwa gari la Wizara lenye kupiga king'ora. Baada ya siku kumi, majibu. Waingereza walishukuru sana, ila wakasema mengi ya yale waliyoletewa nao waliyatoa kwa Walatini na Wagiriki, hivyo hawana mamlaka ya kuyapokea. Waarabu walisema kalamu, karatasi na daftari zipelekwe huko huko kwa Wagiriki. "Ama hayo mengine," iliendelea barua yao, "tuliwapa zamani sana, na tangu tuwape hatukumbuki kuyakosa hata siku moja." Wagiriki, walipoandikiwa, walijibu kwamba neno lao lililozaa skuli kwao lilikuwa na maana ya mapumziko, na kwa kuwa siku hizi hawana mapumziko, hilo moja wanaliomba lirudi haraka.

Mengine yakawa hayana pa kwenda. Serikali haiwezi kuacha vitu vya watu vizagae, kwa hiyo likaanzishwa Ghala la Maneno ya Watu. Jengo pekee lenye rafu za kutosha lilikuwa maktaba kuu ya taifa. Vitabu vikatolewa kupisha maneno. Na mkuu wa Ghala, mwenye funguo, muhuri na kiti cha kuzunguka, akateuliwa Mwinjuma Shebe, kwa sababu ya mwandiko wake.

Sikufichi, alifurahi. Alikizungusha kile kiti siku nzima mlango ukiwa umefungwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita shule kwa shule kukusanya. Utaratibu aliubuni mwenyewe, nao ulikuwa mzuri: kila mtu anakuja mbele, anasema neno kwa mara ya mwisho, karani analiandika kwenye kadi, kadi inatiwa kwenye bahasha, na mwenye neno anapewa stakabadhi. Kuanzia hapo hanalo tena. Katika shule ya Zawena wa kwanza kuja mbele alikuwa Mwalimu Hiari, mama wa makamo mwenye chaki mpaka kwenye viwiko. Alitoa yote bila ubishi. Lilipobaki moja alisita.

"Hili niandikie kwa herufi nzuri, Bwana Shebe," alisema. "Nimelitumia miaka kumi na tisa. Mwalimu."

Shebe akaandika kwa herufi nzuri. Mama yule akaikunja stakabadhi, akaiweka kifuani, akatoka nje akakaa kwenye ngazi akatazama barabara.

Kisha wakaja watoto, na katikati yao Zawena.

"Jina?" akauliza Shebe.

"Baba, si unanijua?"

"Jina."

"Zawena Mwinjuma Shebe." Akayataja yote mia moja thelathini na tisa, na yale manne juu yake, upesi upesi kama anayetema kokwa. Baba akaandika mpaka vidole vikamkakamaa. Alipokwisha kumpa stakabadhi zake, rundo zima limefungwa kwa uzi, mtoto hakuondoka.

"Baba, nimekupa yote."

"Vizuri. Hongera."

"Lakini bado ninayo."

"Haiwezekani. Stakabadhi hizo hapo mkononi."

"Naona. Lakini na maneno ninayo."

Shebe alitazama huku na huku, akamwambia aliyefuata aje mbele.

Haukupita mwezi, malalamiko yakaanza, na yalitoka juu. Watoto wa viongozi, kumi na mmoja kwa hesabu ya mwaka ule, nao walikuwa darasa la saba, na wazazi wao walihofu. Waziri akaamua, kwa huruma yake, kwamba mwenye haja ya lazima aweze kuomba kibali cha kutumia maneno. Shebe akaambiwa atunge fomu.

Hapa lazima niseme kwamba Mwinjuma Shebe alikuwa fundi wa fomu. Fomu Namba Tisa alihangaika nayo wiki mbili. Sehemu ya kwanza ilimtaka mwombaji aandike maneno anayoyaomba, moja moja, bila kuruka. Sehemu ya pili ilimtaka aape kwamba hajapata kuyaandika wala kuyatamka maneno hayo tangu sheria ianze. Aliyejaza ya kwanza alikuwa ameongopa katika ya pili, na aliyeacha ya kwanza tupu hakuwa ameomba kitu. Wananchi mia tatu na ishirini walijaza. Hakupita hata mmoja.

"Hii ndiyo fomu!" alisema Waziri, akimpiga Shebe begani. Wale watoto kumi na mmoja walipata vibali vyao kwa simu.

Zikabaki wiki mbili mtihani ufike. Nyumbani, mke wake, Bi Mashavu, alimngoja amalize kunawa mikono.

"Mwinjuma, mtoto atafanya mtihani na nini?"

"Mke wangu, neno hilo!"

"Mtihani, mtihani, mtihani! Njoo uniandikie stakabadhi! Mtoto kila siku anaamka alfajiri anachora pembetatu kwenye mchanga kwa kidole, maana penseli haina tena jina la kuombea dukani. Una funguo za ghala zima mfukoni, na mwanao anachora kwa kidole. Huoni haya?"

Aliona haya. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini kufungua bahasha zilizopigwa lakiri, hilo mikono yake isingeweza, kama ambavyo mikono ya wengine haiwezi kuua. Akafanya kile alichokijua: akachukua Fomu Namba Tisa, akaijaza kwa niaba ya binti yake, kwa mwandiko wake bora kuliko wote aliowahi kuandika maishani, akaitia stempu, akaipeleka posta.

Siku tatu baadaye akaipokea mezani kwake. Akaisoma kwa makini. Akaona kwamba mwombaji, katika sehemu ya kwanza, ameandika yale ambayo katika sehemu ya pili anaapa hajayaandika. Alikaa mbele ya karatasi ile asubuhi nzima, akaamka, akafunga dirisha, akakaa tena. Kisha akamwandikia mwombaji barua ya heshima: "Ndugu Mzazi, tunasikitika kukuarifu." Kwenye neno tunasikitika alitua, kwa sababu katika barua mia tatu na ishirini za kabla ya hiyo alikuwa ameliandika bila kulisikia. Hii aliisikia. Akapiga muhuri, akaifunga, akajipelekea posta. Bi Mashavu alipoipokea aliisoma mara mbili, akaiweka juu ya rundo la stakabadhi za mwanawe.

Siku ya mtihani ikafika. Watoto wa viongozi waliingia chumba chao, wakapewa karatasi zenye maneno. Wengine wote wakapewa karatasi za kawaida. Ya kwanza ilisomeka hivi: "______ la kwanza. Andika ______ ya neno ______, kisha ulitumie katika ______." Watoto walizitazama kwa adabu. Wengine waliandika majina yao vizuri sana, wakarudia tena chini, ili wasionekane wavivu. Mmoja alikunja mikono, akalia kimyakimya.

Zawena aliisoma karatasi yake mpaka chini. Halafu akashika kijiti-wino, akaanza kujaza mashimo. Swali. Maana. Hekima. Sentensi. Mashimo themanini na mawili, yote aliyaziba kwa herufi ndogo safi zilizofanana na za baba yake. Alipomaliza kuuandika mtihani, akaanza kuujibu.

Matokeo yalitangazwa redioni. Kati ya wale kumi na mmoja wenye karatasi nzima, walioshinda walikuwa wawili, lakini wote kumi na mmoja walipata nafasi kwa kuwa walionyesha nia. Nafasi arobaini na nane ziliachwa wazi, kwa kufuata mfano wa maneno. Na mtu mmoja wa shule ya kawaida alikuwa amepata yote bila kukosa hata moja, wa kwanza katika nchi nzima. Mtangazaji alisoma jina lake nusu, akanyamazishwa, wakapiga muziki wa taarabu.

Kesho yake Zawena aliitwa mbele ya kikao maalumu, ndani ya Ghala lenyewe, kati ya zile rafu zilizojaa bahasha. Waziri alikaa katikati, mjumbe mmoja kila upande. Bi Mashavu na Mwalimu Hiari waliachwa wasimame mlangoni, na nyuma yao watu wa mtaani, maana nchi ile watu wakiona mlango wazi hujipanga. Karani wa kikao, mwenye kuandika kila linalosemwa, alikuwa Mwinjuma Shebe. Mwenye mwandiko alikuwa mmoja tu.

"Binti," akaanza Waziri kwa sauti ya kibaba, "stakabadhi zinaonyesha maneno haya uliyakabidhi. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Niliyakabidhi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya baba."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa mbona umekutwa nayo?"

Zawena alifikiri. Hakuwa mtoto wa jeuri, alifikiri kweli. "Sijui, Mheshimiwa. Nilipotoa hayakupungua."

Mlangoni mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mjumbe wa kulia akanong'ona sikioni mwa Waziri, na Waziri akainamia mbele.

"Basi kuna aliyekupa mengine kwa siri. Mtaje, nafasi yako ya sekondari tutaitazama kwa jicho la huruma. Usipomtaja, huna nafasi. Nani alikupa?"

Zawena akatazama miguu yake. Kijiti-wino cha Shebe kilikuwa kimeandika "Nani alikupa" na alama yake ya kuuliza, na sasa kilingoja. Shebe alimtazama mwanawe, magoti yamemchubuka kwa kupiga magoti mchangani, midomo ameibana, na akajua kwamba mtoto huyu angeikosa sekondari, angeukosa upima ardhi, angekosa kila kitu, na asingemtaja. Alimpenda wakati ule kwa namna iliyomwuma kifuani. Aliogopa pia, miaka ishirini na sita ya kuogopa haiishi kwa mara moja. Akaweka kijiti mezani, akasimama.

"Mimi, Mheshimiwa."

"Wewe andika, karani. Usiingilie."

"Ni mimi niliyempa. Alikuwa na miaka minne. Nilimwandikia kwa mkaa kwenye sakafu ya kibaraza, kila nikitoka kazini, neno moja kila siku, naye akilishika namfutia naandika jingine. Nilimpa kila neno nililokuwa nalo. Baadaye mkaniajiri nimnyang'anye." Akaisukuma kando karatasi ya kumbukumbu. "Hiyo kazi nimeshindwa, Mheshimiwa. Na mimi mwenyewe nilipompa hayakupungua."

Bi Mashavu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Kikao kilijitenga kwa dakika tano nyuma ya rafu ya herufi M. Hukumu waliyorudi nayo, lazima nikiri, ilikuwa na mantiki. Kumbukumbu za serikali zilikuwa sahihi: maneno yalikabidhiwa, kadi zipo, stakabadhi zipo, mihuri ipo. Kwa kuwa kumbukumbu haziwezi kukosea, aliyekosea ni mtoto kwa kuonekana anajua. Alama zake zikafutwa. Yeye na baba yake watapewa kila mmoja Cheti cha Kutokujua, na mwenye cheti hicho haruhusiwi kufanya mtihani wowote mpaka afe. Mwinjuma Shebe akafukuzwa kazi kuanzia saa ile, akaweka funguo mezani, moja moja, akasogea kusimama kando ya mwanawe, akamshika mkono.

Vyeti vikaletwa, bado wino mbichi. Waziri akasafisha koo.

"Utaratibu unasema mwenye cheti asomewe, kwa kuwa hajui kusoma mwenyewe. Karani, soma."

Karani hakuwapo. Kiti kilikuwa kitupu, kinazunguka polepole. Waziri akampa cheti mjumbe wa kulia, mjumbe wa kulia akakitazama kwa mbali, akakitazama kwa karibu, akasema amesahau miwani. Mjumbe wa kushoto akasema yeye alikuja kwa upande wa usalama. Kikamrudia Waziri. Waziri akakishika kwa mikono miwili, akatazama zile nafasi wazi, akaanza, "Wizara ya... ya..." akatazama kibao cha Wizara juu ya mlango, akakuta ukuta. Jasho likamtoka kwenye paji. Mlangoni watu walikuwa wamesogea ndani hatua moja.

"Naweza kuwasaidia, Mheshimiwa," alisema Zawena.

Alikipokea kwa adabu, kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Akasimama wima. Akasoma kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, bila kujikwaa, bila kuruka shimo hata moja:

"Wizara ya Elimu inathibitisha kwamba Zawena binti Mwinjuma Shebe hajui kusoma, hajui kuandika, na hana elimu wala maarifa ya aina yoyote. Hakuwahi kuwa na mwalimu."

Mwalimu Hiari, kule mlangoni, aliitika kwa sauti, kana kwamba ameitwa. Mwinjuma Shebe alikuwa analia wazi mbele za watu, akitabasamu, na hakujifuta. Waziri alipumua kwa faraja, akafuta paji lake.

"Safi kabisa," alisema. "Imethibitika."

Akapiga muhuri. Zawena akakunja cheti chake, akanyoosha mkono mezani.

"Na cha baba nacho nikisome?"